Kuku wa Fundi Spika

Fundi spika wa Makambako haendi kazini bila kuku wake anayeatamia. Hubeba kikapu chenye kuku huyo kwa mikono miwili kama sufuria la uji wa moto, na huzungumza kwa kunong'ona tu, kwa kuwa kelele alizofunga kwenye nyumba za watu zimemfanya aichukie hata sauti yake mwenyewe. Kwa Hajira alileta spika za sinema ya nyumbani, zile zinazomwaga sauti mbele na kuacha kimya mgongoni. Nyuma ya spika hizo, ng'ambo ya ukuta, alikuwa amejipumzisha mama mkwe wa Hajira, aliyeapa kwamba akisikia kishindo kimoja tu anarudi kwake Kitandililo.

"Fundi, kuku wa nini tena?" Hajira aliuliza.

"Akinyanyuka, sauti imevuja."

Akaweka kikapu nyuma ya spika, akachuchumaa, akafungulia mpaka mwisho. Huku mbele vikombe vya Hajira vikacheza kabatini, ushungi ukamteleza. Kuku hakuinua hata shingo. Fundi akazima, akamwinamia kwa mapenzi: "Hongera, mama."

Mlango wa chumbani ukafunguka kwa nguvu.

"Nani ananong'ona na kuku, watu tushindwe kulala?" mama mkwe akafoka, begi mkononi.