Brashi Isiyo ya Nguruwe

Brashi ya babu niliitupa mimi. Nalisema mapema kabla wajomba zangu hawajalisema kwa ubaya.

Nilikuwa nimehamia kwake na mtoto wa miezi minne, ghorofa ya tatu hapa Mchafukoge, baada ya baba wa mtoto kugundua kwamba kulea si fani yake. Nilifika na hasira, nikasafisha nyumba kwa hasira. Kwenye karo la kunawia nikakuta kibrashi kimepukutika, kimebaki na manyoya ya kuhesabika. Nikadhani ni cha kupakia kiwi viatu. Kikaenda na taka.

Kumbe ndicho alichonyolea tangu mama yangu hajazaliwa. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mkono wa kulia, lakini wa kushoto na brashi ile ulitosha: anapaka povu, anasubiri ndevu zilainike, anapitisha wembe polepole. Bila brashi akajipaka sabuni kwa kiganja, akajikata kidevu. Ana sukari. Kile kidonda kilikaa wiki nzima na nyingine, hakifungi, na daktari akasema mzee huyu hatakiwi kupata mkato mwingine hata mmoja.

Babu akaacha kunyoa. Na mtu ambaye hajawahi kutoka nje na ndevu akaacha kutoka. Chini ya jengo letu kuna kibaraza, wazee wenzake wanakunywa kahawa pale kila asubuhi na kubishana. Yeye akawa anawasikilizia dirishani.

"Shuka basi, babu."

"Na sura hii? Watauliza mke wangu amekufa lini, na wewe uko hai unakula tu."

Mke wake ndiye mimi. Ndivyo babu zetu wanavyotutania, na huyu alikuwa mume wa kweli kuliko yule niliyemwacha. Ukoo ulipokaa vikao kuhusu tumbo langu, yeye alisema sentensi moja tu: chumba kipo. Sasa nilikuwa namwona anakauka kwenye kiti kwa sababu ya mikono yangu.

Mjomba alipiga simu kutoka ofisini kwake Posta. "Mpeleke saluni."

"Saluni gani, mjomba? Mashine zile zimepita kwenye videvu vya Kariakoo nzima. Akikatwa utakuja kumuuguza wewe?"

"Usinijibu hivyo. Mimi ni mjomba wako."

"Shikamoo, mjomba," nikasema, nikakata simu.

Nikaamua kumnyoa mwenyewe. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda Msimbazi, nikanunua brashi kwa machinga.

"Ya manyoya ya nini hii?"

"Plastiki safi, dada. Haina mnyama humo. Mimi mwenyewe naitumia."

Hakuwa na hata unywele mmoja kidevuni. Nilipaswa kuliona hilo.

Nyumbani nikapiga povu kwenye kikombe, nikampaka babu shavu moja. Akaushika mkono wangu. "Inachoma kama ufagio." Akaichukua brashi, akaipeleka dirishani. "Ncha zimepasuka. Plastiki haipasuki ncha. Lete kiberiti."

Tukachoma unywele mmoja. Ukanuka nywele.

Babu akazigusa tena zile nywele, povu linamkauka shavuni: ngumu hivyo na ncha zilizopasuka, ni za mnyama mmoja tu. Kisha akasema, "Mke wangu, umenipaka nguruwe."

Aliyekulia nyumba kama yetu anajua kilichofuata. Kuosha najisi ile mara saba, mojawapo kwa udongo. Shavu, kikombe, na mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Ghorofa ya tatu, udongo unatoka wapi? Nikachukua kijiko, nikachota kwenye kopo la mshubiri la jirani, koridoni, natazama huku na huku kama mwizi. Nikaukoroga na maji, nikamwosha mzee wangu tope shavuni.

"Mara ya tano," akahesabu.

"Ya sita, babu."

"Ya tano. Ile moja ulikuwa unatukana."

Ni kweli, nilikuwa namtukana yule machinga. Nikaosha tena.

Kesho yake nikaingia duka la mzee mmoja wa Kihindi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Anauza nyembe, sabuni na mafuta ya nywele, duka alilorithi kwa baba yake.

"Shikamoo, baba. Nataka brashi ya kunyolea. Isiwe ya nguruwe."

Hakucheka. "Nani atatumia?"

"Babu yangu. Swala tano, na ana sukari."

Akaweka brashi mbili mezani. "Hii nywele nene, rangi moja, kavu. Hii nguruwe. Hii nyingine tazama: chini nyeupe, katikati nyeusi, ncha nyeupe tena. Iko mnyama wa nchi za baridi, ndugu yake nyegere wenu. Weka shavuni kwako."

Nikaweka. Ya kwanza ilinichoma. Ya pili ilinikuna kidogo, basi.

"Hii ya daraja la chini," akasema. "Ya matajiri laini zaidi, lakini mnyama yule yule. Mpini plastiki, hivyo bei utaweza."

"Una hakika na mnyama?"

"Mama, mimi sili hata yai. Baba yangu aliwauzia Waislamu hapa hapa, hakudanganya hata mmoja. Nianze mimi leo, kwako?"

Kama kuna mwanachuoni ana neno juu ya huyo ndugu wa nyegere, akaongee na babu, si mimi. Babu alisoma, akatafakari, akaikubali.

"Usimnyoe leo," mzee wa duka akaniambia nikiwa mlangoni. "Wiki nzima piga povu kwenye kiganja, suuza, ning'iniza ikauke. Maji ya kuogeshea mtoto, siyo ya chai, gundi itaachia. Itanuka. Itapukutika. Usitupe!"

"Nani kakwambia natupa?"

"Vijana wote natupa."

Basi kila asubuhi, nikishamwogesha mtoto, nikawa nashughulika na ile brashi. Siku ya kwanza ilinuka beberu aliyenyeshewa. "Umeniletea mke wa pili?" babu akauliza kutoka sebuleni. Povu likagoma, maji matupu. Siku ya pili nywele tano zikabaki kiganjani, nikataka kuirusha dirishani. Nikakumbuka ile niliyoitupa. Nikaendelea. Mtoto amelala chali kwenye beseni lake ananicheka. Siku ya nne nywele moja tu, na harufu ikawa ya sabuni. Ya sita povu likasimama zito, na ncha zikawa zinajikunja zenyewe kwenye ngozi. Sijawahi kufanya kitu taratibu hivyo, mimi ambaye hata chai naikoroga kwa ugomvi.

Siku ya nane nikamkalisha babu karibu na dirisha. Nikampaka kwa kuzungusha, muda mrefu, mpaka akafumba macho. Nikashika wembe. Nilivuta ngozi kama alivyonielekeza, nikashuka na ndevu, sikupanda. Pale kwenye kovu la kidevu nilisimama, nikapaka tena, nikapita mara moja tu. Nikamfuta kwa kitambaa cheupe, nikakitazama pande zote mbili.

Cheupe.

Babu akajipapasa kwa mkono wa kushoto, shavu hadi shavu. "Umeacha hapa chini ya pua."

"Sijaacha."

"Umeacha. Lakini wale hawaoni vizuri. Nipe kofia."

Tulishuka ngazi kwa dakika nyingi, yeye kashika ukuta, mimi nimemshika yeye, mtoto mgongoni. Kibarazani mmoja akapaza sauti, "Bwana harusi huyo! Nani kakunyoa?"

"Mke wangu," babu akasema, akavuta kiti. "Na ana hasira kweli, lakini mkono wake mwepesi."

Nikapanda juu peke yangu. Brashi ilikuwa bado imelowa. Nikaikung'uta mara tatu, nikaining'iniza dirishani, manyoya yakitazama chini, na kutoka huko chini nikamsikia babu anabishana.