Nani Alikata Kirizista cha Amplifaya Yangu?

Wasomaji wenzangu, nimeomba jina langu lifichwe, maana huku kwetu watu wanajuana mpaka kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na tisa, nimeoa, tuna watoto watatu. Naishi Mbinga mjini, ni karani wa kahawa, lakini kwetu ni Liuli, ziwani. Mimi simtuhumu mtu ovyo. Nasema mapema kwa sababu ndugu zangu sasa wananiona mwenye wivu na nusu kichaa.

Starehe yangu si pombe wala wanawake. Natengeneza amplifaya. Si hizi za dukani, hapana, zangu naunda mwenyewe kwa vali, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za mbao za zamani. Tangu serikali ifungue milango ya biashara kila mtu anataka redio kaseti kutoka Dar es Salaam, basi redio za mbao zinatupwa, nyingine zimekuwa viota vya kuku, na mimi nazikusanya. Vali zikiwaka, kwaya ikiimba, sauti inatoka nzito na tamu mpaka unamsikia mwimbaji anavyovuta pumzi. Jamani, raha yake siwezi kuieleza.

Mdogo wangu wa tumbo moja ana duka hapa stendi, anakodisha muziki wa harusi, mitambo mipya ya kisasa. Alipoanza nilifurahi sana. Ila watu wakawa wananifuata mimi: "Tuletee ile ya mataa." Yeye akawa anacheka tu, "Kaka, hayo mataa yako yatakuja kukuua." Nami nacheka naye. Mjinga mimi!

Sasa sikilizeni. Amplifaya ya vali ina umeme mkali, na hata ukiizima, umeme mwingine unabaki umejificha kwenye kapasita. Kwa hiyo chini ya chasisi, ile fremu ya bati, huwa naweka kirizista kimoja, kazi yake ni kuumaliza huo umeme uliobaki. Na nina utaratibu wangu. Kabla ya kuchomeka vali nawasha kwanza nione umeme unaingia sawa, nazima, nasubiri kidogo, ndipo naingiza mkono. Utaratibu huu wanaujua watu wawili tu: mke wangu, ambaye hunishikia tochi nikifanya kazi, na mdogo wangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe.

Mwezi uliopita kanisani kwetu Liuli kulikuwa na sikukuu ya mavuno, wakaniomba niwapelekee amplifaya. Wiki ile nilikuwa vijijini kwenye kahawa, chombo kilibaki nyumbani na mke wangu. Kisha mdogo wangu akakipakia kwenye lori, akatangulia nacho. Mimi na mke wangu tukafuata na vali zake, maana huwa nazichomoa zisivunjike njiani. Kufika, nikawasha, nikazima, nikasubiri, nikaingiza mkono. Lo! Nilirushwa mpaka kwenye mabenchi. Akina mama wa kwaya wakapiga mayowe, wakaninywesha maziwa huku natetemeka mwili mzima. Vidole viwili mpaka leo vina ganzi.

Nilipopata nguvu nikaipindua ile amplifaya, nikafungua kifuniko. Kirizista hakipo. Miguu yake yote miwili imekatwa kwa plaizi, safi kabisa. Hasira zikanipanda, nikamkaba mdogo wangu shati mbele ya kasisi na waumini. "Umetaka kuniua!" Akasema, "Kaka, una wazimu? Mimi nimebeba tu!" Mama yetu alikuwepo, mtu mzima, tena ana presha. Alikaa chini pale pale akalia.

Tukarudi Mbinga. Siku ya pili yake, mke wangu anachambua maharage, ndiyo akafungua mdomo. "Baba Neema, mwache shemeji. Ni mimi. Nilikuwa nafuta vumbi, kitambaa kikanasa, hako kadude kakang'oka. Nikaogopa kukwambia."

Vumbi! Pale chini pamefungwa kifuniko kwa skrubu. Vumbi gani hilo linalofutwa kwa bisibisi? Na tangu lini kitambaa kikakata waya kama plaizi? Nilimtazama, akashusha macho kwenye ungo. Nikamwuliza, "Habari hii umemwambia nani mwingine?" Akasema, "Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza." Nami sikumwambia mtu, hata mama.

Kesho yake, chai sijanywa, mdogo wangu huyo mlangoni. "Shikamoo, kaka." Nikaitikia kwa shida. Akasema, "Basi kaka, yaishe. Kumbe lilikuwa vumbi tu."

Wasomaji, hebu niambieni. Yeye habari za vumbi kazipata wapi? Mke wangu alikuwa jikoni, nikasikia sufuria imetua chini ghafla.

Sasa mama, naye ameshaambiwa habari ya vumbi, ameitisha wazee Jumamosi, anataka nimwombe mdogo wangu msamaha mbele yao. Nikiomba, huyo aliyekata, awe yeyote yule, atajua nimelala usingizi. Nikikataa, itabidi niseme mbele ya mama kwamba mke wangu ni mwongo, na wazee watauliza anadanganya kwa ajili ya nani. Swali hilo mimi mwenyewe naliogopa. Huenda ameona aibu ya familia akaamua kubeba mzigo usio wake, akamweleza shemeji yake, basi. Natamani sana iwe hivyo. Lakini sasa akiniwekea chai nangoja anywe yeye kwanza, na juzi ameliona hilo. Alikunywa nusu kikombe, akanisogezea, machozi yakamtoka.

Bado nampenda, na sijui kama ndiye aliyetaka nife. Nishaurini ndugu zangu, Jumamosi nikasimame mbele ya mama yangu niseme nini?