Kaburi Ndani ya Ngano

Mkuki ulinigusa shingoni nikiwa nimefumba jicho moja, lingine liko kwenye darubini.

Sikugeuka. Ningeanzia wapi?

Ilikuwa 1985, nyanda za Hanang, enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Mimi Felician, mtu wa Maretadu, nilikuwa dereva wa trekta. Mtaalamu mmoja mgeni alipomaliza mkataba aliniachia darubini yake pamoja na kioo kidogo cha kuchuja mwanga. Ukikifunga kwenye darubini, anga linazidi kuwa jeusi, na yale mawingu hafifu yaliyo katikati ya nyota yanajitokeza.

Nilinogewa kweli. Jumamosi giza likiingia tu, natoka kambini, naenda mbali na taa za kombaini, zile mashine za kuvunia.

"Unapima nini?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Nikasema shikamoo. Haikuitikiwa. Nikajua nimekwisha.

Walikuwa wafugaji wawili. Aliyeuliza ni mzee Gidahosh, ambaye boma lake lilishahamishwa mara mbili kupisha ngano. Mwenye mkuki ni mwanawe, Gidamis. Kumbe waliona ile miguu mitatu ya darubini wakadhani ni chombo cha wapima ardhi.

Nikajieleza kwamba naangalia nyota tu. Gidamis akasema wapimaji nao walidai wanaangalia tu.

"Basi angalia mwenyewe, mzee," nikasema.

Akainama. Akasema haoni kitu.

Mkuki ukazidi kunibana shingoni.

Nikamwelekeza: asilikodolee macho, atazame pembeni kidogo, lile wingu litatokea lenyewe.

Akakaa hivyo muda mrefu.

"Moshi," akasema taratibu. "Kama moshi wa boma la mbali."

Mkuki ukashuka.

Ningefungasha niondoke, yangeishia hapo. Lakini mzee alikaa chini akaanza kusimulia. Kaburi la baba yake lilikuwa humo humo ndani ya ngano, tuta kubwa la udongo. Trekta ililisawazisha. Sasa hata yeye hajui lilikuwa wapi, kila upande ni ngano tu.

Lile tuta nililijua. Miaka miwili nyuma msimamizi aliniambia nipite moja kwa moja, nikapita.

Ningenyamaza, nani angejua? Nilishindwa tu.

"Mzee, aliyepita pale ni mimi."

Gidamis akainua mkuki. Baba yake akamshika mkono, macho yake kwangu.

"Unapakumbuka?"

Nilipakumbuka. Nilikuwa nageuzia trekta kwenye jabali moja jeupe, na tuta lilikuwa hatua kama arobaini kutoka hapo, upande wa mlima. Tukatembea karibu saa nzima, Gidamis nyuma yangu na mkuki wake. Nikalikuta jabali. Nikahesabu hatua. Nikasimama.

"Ni hapa."

Mzee akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Akatoa kipande cha kigingi kilichooza, kimoja kati ya vile walivyolizungushia tuta siku ya maziko. Akakikumbatia kifuani. Hakunilaani. Aliniambia tu niende zangu, wao watabaki.

Msimu wa kulima nilipazunguka, nikaacha duara lisilolimwa. Nikapewa barua ya onyo. Msimu uliofuata nikaacha tena, nikafukuzwa kazi.

Sijutii. Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu ulimkosea, pole peke yake haimtoshi. Kuna kitu anakitafuta mpaka leo, na huenda ni wewe tu unayejua kilipo. Nenda ukamwonyeshe.