Muarabu wa Sinema Hana Mama

Jana jirani yangu, Mupalestina wa étage, ghorofa ya juu, alipiga tena mulango, hapa Saint-Gilles, huku Ulaya, sahani ya dengu mukononi. «Maman, naweza kuangalia habari kwako?» Ana televisheni yake, lakini anaogopa kuangalia peke yake. Mama yake iko Gaza, na simu yake imenyamaza. Alikaa pembeni ya kanape, na mimi, rafiki yangu, roho ikanirudisha Bukavu.

Tulikuwa na chumba ya video, ya mbao, yenye harufu ya mafuta ya jenereta na karanga za koko, mama ya mama yangu, aliyeuzia pale ndani. Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, nilimaliza kuchota maji mbio, nimusaidie kukaanga, niingie bure. Mutafsiri alisimama na fimbo, akitupigia Kiswahili juu ya filamu. Muzungu akisema, alitafsiri. Lakini Muarabu akifungua kinywa, wenye kutengeneza filamu hawakumuwekea hata maandishi chini. Donc mutafsiri alijitungia: «Anasema atatuchinja wote!» Risasi ikimupata, tunapiga makofi.

Siku moja koko akauliza kwa sauti: «Na huyu, mama yake iko wapi? Nani atamulilia?»

Mutafsiri akamujibu: «Aah, koko, uza karanga! Muarabu wa sinema hana mama!»

Chumba nzima ikaangua kicheko.

Bon, kisha vita ikatufikia, tukakimbilia kambi ya wakimbizi. Kambini wakaja watu wa kamera kutoka huku huku Ulaya. Walimukuta koko analia, wakamwambia alie tena, mwanga haukuwa muzuri. Jina hawakumuuliza. Ni hao ninawataja: wenye filamu na wenye kamera. Mutafsiri wetu alidanganya kwa sababu hakujua Kiarabu. Wenye filamu walikuwa na pesa ya kumulipa anayekijua, hawakutaka.

Jana walionyesha wamama wa Gaza na masufuria yao, wamesongamana kungojea chakula. Jirani akaruka, akaweka kidole kwenye kioo: «Ngoja! Kile kitambaa cha mama… ngoja!» Picha ikapita. Ikaja mupira. Akabaki amesimama, kidole pale pale, juu ya muguu ya muchezaji.

Ile chumba ya mbao iliungua. Koko hayuko, na karanga za huku hazinukii kitu. Swali yake tu ndiyo imebaki, na leo, saa ya habari, itapiga tena mulango yangu.