Nilimfukuza Mke Wangu kwa Kipimo Nilichokiharibu Mwenyewe

Nimekosa, ndugu msomaji, tena nimekosa vibaya. Jina langu nalificha kwa sababu hata kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga hakuna anayejua ukweli wote wa nilichofanya. Nisikilize tu, usinicheke.

Mimi ni muuza maziwa. Nakaa mtaa wa Kongo, hapa Kawangware, Nairobi, na wateja wangu wengi wako mtaa wa Olympic, kule Kibera. Nilioa msichana wa kwetu Kitui, nimwite Mwende ingawa si jina lake. Tulikaa miaka bila mtoto. Mwende akaenda kupimwa kwenye kliniki moja ya Kibera, akaambiwa yeye hana tatizo, sasa alete bwana.

Alete bwana! Nilinuna wiki nzima. Mwanaume mzima nipimwe nini? Lakini moyoni haikuwa hasira, ulikuwa woga mtupu. Mwishowe nikaenda peke yangu, kimyakimya.

Mtu wa maabara alinipa kichupa. Akasema nikae siku chache bila kumgusa mke, kisha nije nitoe mbegu palepale, kwenye choo chao. Nikitolea nyumbani, nikimbie nazo, tena niziweke karibu na mwili zipate joto. Aliyasema haya yote huku akina mama wamepanga foleni nyuma yangu na watoto wao mgongoni. Nusu niliisikia, nusu ilimezwa na aibu. Halafu choo chenyewe mlango haufungiki!

Nikaamua nitafanyia nyumbani. Asubuhi moja, Mwende alipotoka kuteka maji, nikafanya nilichoagizwa. Kisha nikafanya ujinga ambao sitausahau. Maisha yangu yote najua kitu kimoja: maziwa yakipata joto yanaharibika. Basi nikakitumbukiza kile kichupa kwenye karai la maji baridi, pale ninapopoza maziwa. Baadaye nikakifunga kwa kitambaa kilicholowa, nikazunguka nacho Olympic yote nikiwapelekea wateja maziwa yao, ndipo nikafika kliniki jua likiwa utosini.

"Umetoa hii saa ngapi?" akaniuliza yule mtu wa maabara.

"Sasa hivi tu, daktari," nikasema. Niliogopa atanigombeza mbele ya watu.

Niliporudi kuchukua majibu, alinivuta pembeni. "Bwana, mbegu ziko, lakini hakuna hata moja inatembea. Lakini kipimo moja haitoshi. Kaa wiki kadhaa, urudi turudie."

Sikurudi ng'o! Nilidhani ananihurumia tu. Mwende aliponiuliza, nikamwambia, "Mimi niko sawa kabisa. Shida ni yako." Alilia sana siku hiyo, nami nikamwacha alie.

Miezi ikapita. Siku moja nikamkuta anacheka peke yake. Akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni mwake, akasema Mungu ametukumbuka. Wee! Nikauvuta mkono wangu. Mbegu zangu si zimekufa?

"Ni ya nani?" nikauliza.

Alidhani namtania. "Ya nani tena? Si yako!"

"Sema ukweli, Mwende!"

"Kwani si wewe uliniambia uko sawa?"

Nikapaza sauti. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikatupa nguo zake nje kwenye matope, majirani wakitazama. Akaziokota moja moja, akaenda kwa dada yake Kibera.

Alijifungua mtoto wa kiume, na sikwenda kumwona. Miezi mingi baadaye dada yake akanisimamisha njiani. "Shemeji, kuja tu umwone huyo mtoto," akasema. "Ukimwona utajua." Usingizi ukanihama. Badala ya kwenda kwa mtoto, nilikwenda maabara.

Safari hii nilitumia choo chao, nimeuzuia mlango kwa mguu. Kisha nikakaa kwenye benchi kusubiri. Ndugu yangu, niliomba nikutwe tasa! Nani amewahi kuomba ombi kama hilo? Lakini kama mbegu zangu zilikuwa hai, basi nilikuwa nimemtupa mtoto wangu mwenyewe. Jasho lilinitoka hadi shati likaloa.

"Kuja uangalie," yule mtu wa maabara akaniita kwenye hadubini.

Nikainama. Niliona vitu vidogo vidogo vikikimbizana, vingi ajabu.

"Hizi ziko sawa," akasema. "Ile ya kwanza ulileta aje?"

Nikamweleza karai la maji, nikamweleza mzunguko wa Olympic. Alianza kucheka, halafu akaniona uso, akakatiza kicheko. "Baridi na kuchelewa," akasema polepole. "Na wewe uliniambia ni sasa hivi."

Nilikwenda kwa dada yake Mwende nikapiga magoti. Mwende alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amempakata mtoto. Jamani, yule mtoto ni mimi mtupu! Hata masikio!

"Kwa hivyo umeamini hadubini," Mwende akasema. "Mimi nilipokuambia hukuamini. Na ikikuambia ingine kesho, utatutupa tena?"

Nikainuka, nikarudi Kongo peke yangu.

Sasa kuna fundi viatu anayetaka kumwoa Mwende, mtu mpole, watu wote wanamsifu. Wanapanga kuhama. Kila asubuhi naamka nikiogopa kwamba leo ndiyo wameondoka, na sina haki ya kumzuia mtu.

Wanaume wenzangu, nawasihi! Ukipewa kichupa, uliza mpaka uelewe, hata foleni ikucheke. Ulichokosea ukiseme. Ukiambiwa rudia, rudia, na mkeo umwambie ulichoambiwa, kiwe kizuri kiwe kibaya. Usingoje kama mimi, mpaka umsikie mwanao akimwita mwanaume mwingine baba, na mwanaume huyo akiitika.