Majike Niliyoyamwaga

Harufu ya maji yaliyolala muda mrefu kwenye dumu, yenye ukijani ndani yake, hunirudisha Ngara, kwenye ua wetu, wakati vilima vya ng'ambo vilipofunikwa na maturubai ya wakimbizi. Mama aliondoka alfajiri na ndizi kichwani, akazibadilishe kambini kwa mahindi ya msaada, akarudi jioni. Kaka zangu walikuwa bwenini Biharamulo. Nilikuwa na miaka tisa, na nikitoka shule niliwasalimia kuku, maana hakuwepo mwingine wa kunijibu. Nilikuwa mpweke, ingawa wakati ule sikujua kwamba hali ile ina jina.

Imakulata, msichana wa kambini wa rika langu, alizoea kupita kwetu akitafuta kuni. Siku moja alikuja na chupa yenye visamaki visivyozidi kidole changu cha mwisho. Bwana afya aliwatia kwenye matangi ya kambi ili wale viluwiluwi vya mbu, naye akachota wachache. Hawatagi, aliniambia, wanazaa watoto hai. Kinyarwanda chake na Kihangaza changu vilielewana bila taabu. Tukagawana, wangu nikawaweka kwenye dumu jeupe lililokatwa shingo. Mmoja wao alikuwa na mkia uliotanuka kidogo, wenye rangi ya mawese, nasi tukaazimia kuzalisha mikia mipana kuliko huo.

Mjuzi wa mbegu niliyemfahamu alikuwa mama. Baada ya mavuno alichambua maharage kwenye ungo: yaliyonenepa na kung'aa yalining'inizwa juu ya moshi wa jiko yangoje mvua, mengine yakaenda chunguni. Nami nikafanya vivyo hivyo. Kila samaki wa kijivu asiye na mkia wa maana nilimmwaga kwenye mtaro wa migomba. Miezi ikapita, mikia ikapanuka, hadi dumu likawaka rangi tupu, nami nikawa na majivuno ya kutosha kijiji kizima.

Imakulata alipokuja kukagua, alichungulia kwa muda mrefu.

"Mama zao wako wapi?"

"Wale wa kijivu? Nimewamwaga. Hawakuwa na mkia."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu, hao ndio waliokuwa wakizaa."

Nazi sikuwahi kuiona, lakini shuleni tuliikariri: mchagua nazi hupata koroma. Nilikuwa na madume matupu. Imakulata, aliyebakiwa na jike mmoja tu, alimleta akakaa siku tatu kwenye dumu langu pamoja na dume langu bora. Akamchukua tena, akisema kwa utani kwamba kwangu angemwagwa. Aliahidi kuniletea nusu ya watoto.

Kabla watoto hao hawajazaliwa, wakimbizi waliambiwa warudi kwao. Barabara ilijaa watu tangu asubuhi, nami nikasimama kando yake na kopo tupu. Mchana nilimwona, mzigo kichwani, akimfuata shangazi yake, ndugu pekee aliyebaki naye. Kifuani ilining'inia chupa, na ndani yake jike mwenye tumbo kubwa. Nilinyoosha mkono. Imakulata aliikumbatia chupa, akatikisa kichwa.

"Huyu ninakwenda naye," alisema.

Nilikasirika. Nilimgeuzia mgongo, nikaenda nyumbani bila kumuaga, na alipoita jina langu sikuitika. Kabla ya masika madume yangu yalikufa moja baada ya jingine, yakiwa na mikia mizuri ajabu. Mama alirudi jioni kutoka shambani akanikuta nalia juu ya dumu, akadhani nawalilia samaki.

Sasa naishi Nyantakara, nalima maharage, na nyumba yangu ina kelele za watoto kupita kiasi. Juzi fundi wa mabwawa ya samaki alinieleza kwamba jike wa aina ile, akishapandwa mara moja, anaweza kuzaa miezi mingi bila dume. Nilimwomba arudie. Basi ile mikia yetu haikuishia kwenye dumu langu; ilivuka mpaka wa nchi ikiwa kifuani mwa Imakulata. Siku hizi simu inafika kote, lakini sikuwahi kumuuliza jina la baba yake wala la kijiji chao, hivyo sina pa kuanzia. Ningempata, ningemwambia kwamba alifanya vyema kuninyima. Kisha ningemuaga.