Mwadime Hakuwa Amelewa

Mwanangu, mtu niliyemfukuzisha kazi kwa ulevi hakuwa ameonja hata tone. Nililijua hilo miaka mingi baadaye, nilipoelezwa yanayotokea ndani ya sikio.

Naikumbuka asubuhi yenyewe. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa karani kijana katika stesheni ya Voi, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Mwadime, mtu mzima wa Werugha, kule milimani Taita, ndiye aliyeongoza mabehewa kwa bendera. Nilimkuta amekumbatia nguzo, anayumba, anatapika, macho yakicheza. Shati lake lilinuka mbangara, ile pombe yetu ya miwa.

"Mzee Mwadime, leo umeamkia kibuyuni?"

"Sijaonja, kijana wangu. Nilibeba kibuyu cha wazee wanaokuja kumposa binti yangu, kikanimwagikia. Dunia inazunguka. Sikio hili linavuma kama treni."

"Treni gani, na ya Mombasa bado iko Maungu?"

Vibarua walicheka, nami nikafurahi kuwachekesha. Niliandika ripoti kabla ya chai: harufu, kuyumba, matapishi. Yote niliyashuhudia kwa macho na pua yangu. Habari ya sikio sikuiandika.

Mwadime alirudi Werugha na sanduku lake, na jina la mlevi likatangulia kufika. Wazee wa posa hawakuja.

Miaka ya themanini mke wangu, asiyejua ladha ya pombe, akaanza kuanguka jikoni. Daktari wa masikio akatuchorea picha. Ndani kabisa ya sikio, alisema, kuna maji ya aina mbili, yametenganishwa na utando mwembamba sana. Ndani ya maji hayo zimo chembe za chumvi zenye umeme, ziitwazo ioni. Maji ya ndani yamejaa potasiamu, ya nje yamejaa sodiamu. Sauti ikiingia, potasiamu hupenya katika seli za kusikia, kisha hurudishwa ilikotoka, bila kupumzika; ndivyo tunavyosikia. Lakini maji ya ndani yakizidi, wataalamu wanadhani utando hupasuka, potasiamu ikavuja na kuvuruga neva. Hapo sikio huvuma, dunia huzunguka, mtu hutapika. Shambulio likirudi mara kwa mara, sikio huweza kufa.

"Mtu huyo huyumba kama mlevi?" nikauliza.

"Kabisa. Wengi hudhaniwa hivyo."

Mke wangu alipewa dawa. Mimi nilipanda Werugha.

Nilimkuta Mwadime akipalilia kabichi. Nilisimama kando yake, nikasema yote, nikaomba radhi. Alitikisa kichwa, akasema, "Mvua imechelewa mwaka huu." Binti yake, ambaye hakuolewa, alinisindikiza hadi barabarani. "Bwana, ulisimama kushoto kwake," akaniambia. "Sikio hilo lilikufa zamani."

Niliona haya kurudi saa ile. Niliporudi hatimaye, walikuwa wamemzika.

Mwanangu, ukipewa kalamu juu ya mtu, andika na aliyoyasema yeye, hata kama yanakuchekesha. Macho yangu hayakunidanganya. Nilikosa kuuliza swali la pili. Na ukimkosea mtu, omba radhi siku hiyohiyo, ukiwa umesimama mbele ya uso wake.

Mungu akulindie masikio yote mawili, akujalie kuyatumia kabla ya mdomo.

Mimi, hadi leo, sijui kama Mwadime hakunisikia, au alinisikia akachagua kuzungumzia mvua.